Chiriku Anasema Alikuwepo

Jumanne, 4 Machi

Kwako wewe,

Nimekosa neno la kukuitia. Nikikuita mpenzi utacheka, nikikuita ndugu nitacheka mimi, na wake wenza hatukuwahi kuwa, maana nilipotoka mimi ndipo ulipoingia wewe, au ulipoingia wewe ndipo nilipotoka mimi. Hayo tuyaache. Anwani yako nimepewa na wifi, dada yake Chiriku. Aliniuliza naitakia nini, nikamwambia kuna nguo yako imesahaulika hapa kwangu udobi. Simu sikutaka. Sitaki kuisikia sauti yako kabla sijajua utanijibu nini.

Utakuwa umeisikia albamu yake mpya. Mtu amekula chumvi nyingi, miaka sabini na sita, amekaa kimya mpaka tukadhani gitaa ameliuza, kumbe alikuwa anatunga. Ameiita *Nilikuwepo*. Mwanangu aliniletea Jumamosi pamoja na spika ndogo, akaiweka juu ya rafu ya sabuni, akaniambia nisikilize tu, nisiseme kitu. Nikasikiliza huku napiga pasi. Na mimi si mtu wa kupunja, nitasema kweli: nyimbo ni nzuri. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Ule wa kwanza, wa mvua juu ya bati, ulinisimamisha na pasi mkononi mpaka nikaunguza kola ya mwalimu mkuu. Sauti yake imekuwa kama bawaba iliyokosa mafuta, hafiki tena kule juu alikokuwa akifika, lakini pale asipofika anaacha nafasi, na ile nafasi inaimba yenyewe. Wasichana wangu wa kazi walikuwa wanakunja mashuka kwa mdundo.

Kisha ukaja ule wa wodi ya watoto.

*Bibi Mdogo, nilikuwepo,*
*kiganja chako ndani ya changu,*
*dirisha likaingiza asubuhi,*
*nawe ukatoka nayo.*

Wewe hukumjua binti yangu, kwa hiyo nikueleze. Tulimpa jina la mama yangu mzazi, naye akawa na maneno ya kizee tangu alipoanza kusema. Mtoto wa miaka sita anamwuliza muuza mkaa kama haoni haya kuuza vumbi. Ndiyo maana tukamwita Bibi Mdogo. Jina hilo halikutoka nje ya nyumba yetu. Jana mteja kaniletea koti lenye doa la mchuzi huku analiimba jina hilo.

Na hakufa asubuhi. Alikufa Jumamosi adhuhuri, na dirisha la wodi ile lilikuwa limezibwa kwa kipande cha boksi kwa sababu kioo kilivunjika. Mkono wake niliushika mimi. Chiriku alifika tumeshazika, amevaa kofia mpya, akaniambia ujumbe wangu haukumfikia. Nilimwamini. Safari za bendi zilikuwa hivyo, leo huku kesho kule.

Wewe ndiye uliyekuwa mwitikiaji wake wakati ule. Swali langu ni hili: siku zile alikuwa wapi, na ujumbe wangu ulikwama wapi? Nijibu kwa ufupi. Mengine sitaki kuyajua.

Ni mimi,
Mama wa marehemu

*

Jumapili, 16 Machi

Dada,

Nimekuita dada kwa sababu umenizidi umri, na hilo huwezi kulikataa.

Barua yako nimeisoma kazini, nimejifungia kwenye chumba cha kuchemshia vyombo. Mimi siku hizi ni msaidizi wa daktari wa meno. Nashika bomba la kunyonyea mate na kuwaambia watu haitauma. Redio ya pale mapokezi inapiga albamu hiyo tangu asubuhi. Watu wamechomwa ganzi, midomo imelala upande, na bado wanaimba. Ungewaona ungecheka hata wewe.

Usidhani umeonewa peke yako. Umeusikia ule unaoitwa "Alicheka Mlangoni"? Yule mwanamke ni mimi. Anaimba kwamba niliondoka alfajiri na sanduku jekundu, nikageuka mlangoni, nikacheka. Dada, niliondoka saa nane mchana, mvua inanyesha, nimebeba nguo zangu ndani ya sufuria kubwa kwa sababu sanduku alishalipeleka kwa rafiki yake mpiga ngoma. Na nililia mpaka majirani wakafunga madirisha. Daktari wangu anaupenda wimbo huo kupita kiasi. Juzi, anang'oa jino, akaniambia, "Mwanamke yule hana utu kabisa." Nikamwambia fungua zaidi, nikiwa namwambia mgonjwa.

Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Chiriku hajawahi kuwamba ngoma ikavutia kwa mtu mwingine.

Lakini umesema kweli kuhusu zile nafasi anazoziacha. Upo wimbo, wa nne nadhani, ule wa watu wawili wanaotafuta ufunguo gizani. Pale pa kuitikia, ambapo zamani ningeingia mimi, hakuweka mtu. Ameacha gitaa peke yake. Nilijikuta naitikia kwa sauti, bomba mkononi, mgonjwa akafungua macho akaniangalia kama mimi ndiye niliyechomwa ganzi. Nilikwenda nyumbani nimekasirika. Mtu ameniita msaliti kwenye wimbo mmoja na kuniwekea kiti kwenye wimbo mwingine.

Kuhusu swali lako, ni zamani mno. Tulikuwa tunazunguka, hoteli zote zilifanana, shuka zile zile, chai ile ile baridi. Maji yakishamwagika hayazoleki, dada. Mwache mzee aimbe amalize.

Wako,
Mwitikiaji

*

Jumatatu, 24 Machi

Wewe mwitikiaji,

Nimekuuliza habari za mtoto wangu, umenijibu habari za sufuria.

Sikukuomba methali. Ninazo zangu. Nilikuuliza swali ambalo mtu asiye na kitu cha kuficha angelijibu kwa mstari mmoja: alikuwa mahali fulani, ujumbe ulichelewa, basi. Wewe umezunguka kurasa mbili unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na ulipofika kwenye swali ukasema hoteli zote zilifanana. Mpaka nilipokuandikia mara ya kwanza sikuwa na shaka yoyote na ujumbe ule. Shaka umeniletea wewe.

Sasa nikwambie kwa nini siwezi kumwacha mzee aimbe amalize.

Mwanangu, aliyeniletea albamu, alikuwa mtoto wa mgongoni wakati dada yake anakufa. Amekua bila baba. Chiriku alikuwa anapita kama mwaka unavyopita, anaacha pipi mezani. Kijana alipopata akili akasema inatosha, akaacha kumpokea, na alipooa hakumwalika. Ni fundi wa magari makubwa, ana mikono kama koleo, si mtu wa machozi. Jumamosi ile, wimbo wa wodi ulipoisha, alikaa juu ya kikapu cha nguo chafu akalia. Akaniambia, "Mama, kumbe baba alikuwepo. Mbona hukuwahi kuniambia?"

Mimi nikafanyaje? Nilikuwa nimeshika suruali ya mtu.

Kesho yake akaenda kwa baba yake. Tangu hapo anakwenda kila Jumapili, na amempeleka mtoto wake wa kike, ambaye ana umri ule ule na jina lile lile. Chiriku anamfundisha kupiga gitaa. Wananiletea habari zake kama za jirani mwema. Kwa hiyo uongo huu si wa redioni peke yake. Umeshaingia nyumbani kwangu, umevua viatu, umekaa mezani.

Nikinyamaza, mwanangu anampenda mtu ambaye hakuwepo. Nikisema, ninamnyang'anya baba aliyempata akiwa na mvi. Na kabla sijachagua, nina haki ya kujua ninachokificha ni kikubwa kiasi gani. Niambie ulichokiona. Ukishindwa kuniambia, basi usiniandikie tena, ubaki na bomba lako la mate.

Ni mimi, dobi

*

Jumamosi, 5 Aprili

Dada,

Nitakuambia. Siandiki kukiri, sina la kukiri. Naandika kama shahidi, kwa sababu sasa nimeelewa kwamba ni mimi tu niliyebaki. Mpiga ngoma alishakufa, meneja naye.

Ujumbe wako haukukwama popote. Ulifika Ijumaa mchana.

Tulikuwa kwenye chumba cha kulia cha hoteli, meza zimesogezwa ukutani, tunafanya mazoezi. Mtu wa mapokezi akaja na karatasi ya simu ya maandishi, akampa meneja, meneja akamtazama Chiriku akampa. Alisoma amesimama. Akaikunja, akaitia mfuko wa shati, wa kifuani. Meneja akamwuliza kama anataka wampatie tiketi, basi la jioni bado lina nafasi. Nilisikia hayo kwa masikio yangu, nilikuwa karibu nao kama ulivyo karibu na karatasi hii. Chiriku akasema, "Turudie ule wa tatu, besi imechelewa."

Mimi nilidhani ni mambo ya onyesho. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nilikuwa natazama viatu vyangu vipya.

Jioni ile aliimba, dada, sijawahi kusikia kitu kama kile tangu hapo. Watu walipanda juu ya viti. Jumamosi tukaimba tena, kwenye ukumbi mwingine. Jumapili, ndani ya gari la bendi, akasema kwa wote huku anamenya chungwa kwamba binti yake alikuwa mgonjwa sana na huenda amekwisha kufa. Nikaenda kukaa karibu naye kwa sababu nilimwonea huruma. Nilidhani ule utulivu wake ni uanaume. Ilinichukua miaka tisa ya kuishi naye kujua kwamba karatasi ile ya mfukoni ndiyo ujumbe wako, na siku nilipojua ndiyo siku ya sufuria.

Basi la jioni lingemfikisha kwenu Jumamosi asubuhi.

Sasa unajua, na nimekasirika kuliko wewe. Nilipousikia wimbo ule kwa mara ya kwanza niliuzima. Halafu nikauwasha tena, kwa kuwa gitaa la mwisho pale ni zuri, Mungu anisamehe. Mtu anatupiga, na sisi tunatikisa kichwa kwa mdundo.

Wako,
aliyekuwa mwitikiaji

*

Jumatano, 7 Mei

Dada,

Kimya chako kimezidi. Mwezi mzima sijapata hata tusi.

Nimempigia simu wifi, akanung'unika kwamba mimi na wewe tumemfanya posta kisha tunamficha barua. Akasema tu kwamba uliwahi kufika nyumbani kwa Chiriku, na kwamba kijana wako hajaonekana tena siku za Jumapili. Halafu watangazaji wanasema kwenye onyesho la uzinduzi Chiriku alisahau maneno yake mwenyewe na bibi mmoja akaleta fujo ukumbini. Hapa kliniki mgonjwa mmoja ameapa kwamba bibi huyo alipanda jukwaani akampiga mzee kwa pasi.

Kama ni wewe, niambie pasi ilikuwa ya umeme au ya mkaa. Na kama umeumia, niambie pia.

Mdogo wako

*

Jumapili, 18 Mei

Mdogo wangu,

Hakuna pasi iliyomgusa mtu. Nitakuambia yote kwa mpangilio, maana nimeyazungusha kichwani mpaka yameanza kukunjamana.

Barua yako ilinilaza. Si kuumwa, kulala tu. Miaka yote hii nilimwekea Chiriku udhuru mmoja, kwamba hakujua. Nilimlaumu kwa kofia, nilimlaumu kwako wewe, lakini usiku wa mazishi yale nilimwondoa kwenye hesabu kwa sababu hakujua. Kumbe udhuru wenyewe alinishonea yeye. Nilipoamka nikavaa gauni langu la kijani nikaenda kwake.

Anakaa vyumba viwili nyuma ya nyumba ya wifi. Nilimkuta kwenye kiti cha plastiki barazani, mjukuu wetu amepiga magoti mbele yake anajifunza kukaza nyuzi. Amekuwa mdogo, yaani mwili umemkauka. Shati lake lilikuwa na mikunjo miwili kwenye mkono mmoja, kazi ya mtu anayepiga pasi bila kutazama. Nikamwambia mtoto akacheze uani. Chiriku akataka kunipikia chai, nikakataa. Nikamwuliza kama ujumbe wangu ulimfikia.

Nilijua ataruka, nilikuwa nimejiandaa.

"Ulinifikia," akasema.

"Na basi lilikuwepo."

"Lilikuwepo."

Nikamwuliza sababu. Akaniambia kwamba aliogopa. Alijiambia akiimba kama kawaida, kesho utakuja ujumbe mwingine kuwa mtoto ameamka na anaomba chai, na asipokwenda basi jambo lenyewe halitakuwa kweli. Nikamwambia hofu naijua. Hata mimi niliogopa, lakini niliogopa nikiwa nimekaa pale.

Akajaribu kidogo kuwa msanii. Akasema wimbo si kiapo cha mahakamani, kwamba ameimba kama alivyotamani iwe. Hapo ndipo damu iliponipanda. Nikamwambia, "Kitanda kile kilikuwa na kiti kimoja, na kiti hicho nilikikalia mimi. Wewe umekaa juu yangu."

Nikamwambia sitamwambia mwanangu neno. Atamwambia yeye, kwa mdomo huo huo alioimbia. Jioni kijana alikuja na nguo zake za gereji kumchukua mtoto, nami nikasogea uani. Sikusikia yote. Niliona mgongo wa mwanangu. Kisha akaja uani, akamvalisha mtoto viatu, cha kulia mguu wa kushoto, akaondoka bila kumuaga mtu.

Nilidhani atakuja kwangu kunishukuru. Uone ujinga wa mzazi. Baada ya wiki mbili alikuja udobi amefura. Akaniambia kwamba ameishi miaka yote bila baba, akampata kwa wimbo, na mimi nimekwenda kumchukua kwa maneno yako, mwanamke ambaye tangu utotoni amenisikia nikimtukana. Nikamwambia alikuwa anampenda mtu asiyekuwepo. Akasema, "Hilo nimelizoea." Akaondoka.

Sasa onyesho. Wifi alinipa tiketi, nikaenda kwa sababu nilitaka kuona kama atakuwa na macho makavu ya kuuimba. Ukumbi umejaa, vijana kwa wazee, wengine wamekuja na watoto mabegani. Aliimba ule wa mvua, na mimi, mdogo wangu, pamoja na yote niliyokuwa nayo kifuani, niliimba naye. Aliimba wako wa ufunguo, akaacha ile nafasi, ukumbi wote ukatulia ndani yake. Halafu akaanza ule wa wodi.

Akaimba, "Bibi Mdogo, sikuwepo."

Watu wakacheka kwa upendo, kama mtu anavyocheka babu yake akivaa sweta kinyumenyume. Walidhani amekosea. Waliokuwa mbele wakamsaidia, wakapaza sauti, *nilikuwepo*. Akasimamisha gitaa, akainua mkono, akasema kwenye kipaza sauti, "Sikuwepo. Nisikilizeni. Sikuwepo." Wakampigia makofi. Wakawasha taa za simu, wakamwimbia wimbo mzima toka mwanzo hadi mwisho, maelfu yao, kiganja chako ndani ya changu, na yeye amesimama pale mdomo wazi, kila akisema hakuwepo wanamjibu alikuwepo. Nimeona mtu akinyimwa mambo mengi. Sikuwahi kuona mtu akinyimwa kosa lake.

Hapo nilisimama. Nikapiga kelele wamwache aseme. Mlinzi akaja, kijana mpole, akaniambia, "Kaa, bibi, unawazibia wenzio." Nilimwambia yule aliyezibwa yuko jukwaani. Hakunielewa, akanishika kiwiko akanitoa nje kama mgonjwa. Hiyo ndiyo fujo yako. Kesho yake gazeti likaandika kwamba umri umemfikia Chiriku, amesahau maneno ya wimbo wake bora.

Hakusahau. Ndiyo kwanza alikuwa amekumbuka. Nimekasirika mpaka meno yananiuma, na kinachonishangaza ni kwamba, kwa mara ya kwanza tangu nimfukuze, nimekasirika nikiwa upande wake.

Dada yako

*

Ijumaa, 30 Mei

Dada,

Meno yakiendelea kuuma njoo, hapa utapewa ganzi bure.

Nilisoma barua yako nikashindwa kukaa. Nimepiga simu redioni kwenye kile kipindi cha wasikilizaji. Nikasema mimi niliimba na Chiriku miaka tisa, na hajasahau neno lolote, neno alilolisema ndilo sahihi. Mtangazaji akaniuliza kama nilikuwa shabiki wake sana. Kabla sijamaliza akasema ahsante mama, na kwa heshima ya mama yetu huyu tusikilize wimbo wenyewe. Wakaupiga, *nilikuwepo* yote, mpaka mwisho.

Nilipogeuka daktari alikuwa mlangoni. Nikamwambia yule mwanamke asiye na utu ni mimi, na nililia, na mvua ilikuwa inanyesha. Tangu siku hiyo anazima redio nikiingia. Sikumwomba aizime. Zile nyimbo nyingine nazitaka.

Kijana wako vipi? Amerudi?

Mdogo wako

*

Jumapili, 15 Juni

Mdogo wangu,

Chiriku alikuja hapa udobi Alhamisi. Amebeba shati mkononi, ati limemshinda kunyoosha. Nikamwacha akae kwenye benchi la wateja, nikalipiga pasi, nikalitundika, akawa bado amekaa. Nikamwuliza anasubiri nini. Akasema anataka nimweleze siku ile ya wodi, kama ilivyokuwa. Nikamwambia, hasira ikinipanda upya, kwamba amechelewa miaka arobaini na zaidi, na kama anatafuta wimbo mwingine aende akatafute mvua. Akasema gitaa amempa mjukuu. Anataka kujua tu, kwa sababu yale aliyoyatunga yameshakaa mahali pa yale asiyoyajua, na watu wanayaimba kwa nguvu mpaka anaanza kuyaamini.

Nikawaambia wasichana wakanunue wanga. Nikamweleza. Boksi dirishani. Blanketi lililomwasha akalikataa, nikamfunika kwa kanga yangu. Nesi aliyevua viatu ili asiwaamshe wengine. Namna Bibi Mdogo alivyomkaripia daktari kwa kuja na mikono ya baridi, akamwambia aende kwanza akaipashe moto jikoni. Chiriku akacheka hapo, akacheka sana, kisha kicheko kikageuka. Nilimpa taulo la mteja.

Mwanangu aliingia akatukuta hivyo. Alikuwa ameleta nguo zake za gereji. Zile hajaacha kuleta, hata aliponikasirikia, anaziacha mlangoni. Alisimama. Hakumsalimia baba yake, na sikutegemea amsalimie. Alitazama nje, akaona jua lilivyo kali na mzee amekuja kwa miguu. Akasema, "Panda gari." Neno hilo tu. Sijui kama ni mwanzo wa kitu. Juzi nimesikia amempeleka kliniki ya macho, wakakaa foleni bila kuzungumza. Mimi nami ameniletea embe, hakusema kwa nini.

Lakini kabla hajapanda gari, Chiriku alinirudia mlangoni, nikaona kwamba yote yale aliyouliza yalikuwa njia tu ya kufika hapa. Akaniuliza, "Aliniita?"

Nikamwambia hapana. Nikamwambia alilala tu, hakumtaja mtu.

Alimwita, mdogo wangu. Asubuhi yote ile alimwita, na mimi nikamwambia baba yuko kwenye basi. Akataka kujua basi la rangi gani. Nikasema la bluu. Kila mlango ulipofunguliwa aliniuliza kama la bluu limefika, kwa sauti ile ya kizee, kama mtu anayedai haki yake, mpaka adhuhuri.

Hilo halimo kwenye wimbo wowote. Mwanangu sijamwambia. Nimekuandikia wewe, na barua hii ukiisha kuisoma iweke kwenye chombo cha kuchemshia uiwashie moto.

Dada yako